Mstari Uliokatwa kwa Wembe

Elia alikufa Jumanne iliyopita, kwa ugonjwa wa sukari, na binti yake amenipigia simu akisema familia inaomba marafiki wa marehemu waandike maneno machache yatakayosomwa kaburini. Nilikubali. Elimu yangu mimi ni darasa la tatu, na sioni aibu kusema, maana nyumba hii ninayokaa Nyegezi nimeijenga mwenyewe, boti zangu nimezinunua mwenyewe, na waliosoma ndio wanaokuja kuniomba kazi. Ila vidole vyangu ni vinene kwa hizi simu za kugusa, kwa hiyo nilimwita mjukuu wangu Neema, nikawa natamka na yeye anabonyeza, tumekaa barazani. Alibonyeza vizuri. Tulipofika mwisho hakunisubiri. Akaongeza mwenyewe: "Wako katika Kristo, Mzee Masalu." Nikamwambia, "Futa." Akasema, "Babu, ni msiba wa mtu wa kanisa, barua zao zote zinaishia hivyo." Nikamwambia futa mara ya pili, kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwangu, hadi bibi yake akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. Mtoto akafuta, akanitazama kama mtu aliyepigwa. Sikumpiga. Lakini kwa maneno hayo matatu mimi nilivunjwa mbavu, na nilistahili, na mpaka leo sijamweleza mtu yeyote wa nyumba hii kwa nini upande wa kushoto silalii.

Ulikuwa mwaka ule ambao kila mtu Mwanza alinuka sangara. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu na biashara yake. Viwanda vya minofu vilikuwa vimeota kando ya ziwa, ndege zinakuja kubeba samaki kwenda kwa Wazungu, na sisi tuliobaki tunakaanga vichwa na mifupa na kujiona matajiri. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na shingo ya ng'ombe dume. Nilikuwa kwenye boti ya barafu. Tuliondoka alfajiri na makasha ya barafu iliyofunikwa kwa pumba za mpunga, tunakwenda kwenye kambi za wavuvi upande wa Sengerema, tunanunua, tunarudi soko la Mwaloni kabla samaki hawajalainika. Boti za mawakala wa viwanda zilikuwa nyingi kuliko samaki. Mkikutana mbili kambi moja ni vita. Mimi sikuajiriwa kupima samaki. Niliajiriwa kupiga. Nilipiga kwa kasia, kwa mnyororo wa nanga, na kwa panga la kuvunjia barafu, na tukirudi jioni tunakula ugali wa muhogo juu ya makasha, wenzangu wananiuliza, "Masalu, leo umewalaza wangapi?" kama mtu anavyouliza matokeo ya mpira. Nilikuwa nikijibu huku natafuna. Nilipenda kuulizwa.

Asubuhi ya Elia jua lilikuwa limeshapanda, maji yametulia kama uji kwenye sahani. Boti nyingine ilitutangulia kwenye mdomo wa ghuba ndogo, na nahodha wetu akaamua kuigonga. Akaigonga ubavuni. Watu wanne wakamwagika majini. Watatu waliogelea kwenda kwenye boti yao iliyolala upande. Mmoja alikuja kwetu, mtu mwembamba mwenye shati la kaki na kalamu bado imo mfukoni, akaweka mkono wake wa kulia juu ya ukingo wa boti, akasema, "Ndugu yangu, nishike." Nahodha akapiga kelele, "Toa huyo! Atatupindua!" Boti yetu ilikuwa nzito kwa barafu, mtu mmoja mwembamba asingeipindua, na mimi nilijua. Panga lilikuwa mkononi. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Mlio wake ulikuwa uleule wa kuvunja barafu. Vidole viwili vilianguka ziwani, cha tatu kikabaki juu ya ubao, na nahodha akakisukuma majini kwa kidole cha mguu, kama mtu anayeondoa ganda la ndizi. Yule mtu hakupiga kelele. Alinitazama usoni wakati anarudi chini, hadi wenzake walipomkamata kwenye shati. Sisi tulikwenda tukanunua samaki. Mchana nilikula, nikaongeza ugali. Katika mambo yote ya siku ile, hilo la kuongeza ugali ndilo linalonirudia.

Siku ya tatu bosi aliniita Mwaloni, nyuma ya vibanda vya dagaa. Alikuwa mtu mnene asiyepandisha sauti. "Masalu, unajua umemkata nani? Alikuwa karani wa mzani kwenye ile boti, lakini huko kwao ni katibu wa kanisa. Kijiji kizima ndiye anayewaandikia barua. Na umechukua vidole vya kuandikia." Nikamwambia, "Bosi, nahodha alisema toa." Akasema, "Nahodha hakusema kata." Halafu akanieleza kwamba sungusungu, walinzi wa vijiji vya kule, wamepiga yowe, vijiji vitatu vimekaa, na wamesema nikikanyaga ufuko wao hawataniuliza jina. Walishamchoma mwizi wa ng'ombe mwaka uliotangulia, na kila mtu alijua. Lakini mtemi wao wa sungusungu aliacha mlango mmoja: kwa kuwa aliyeumizwa ni mtu wa kanisa, na yeye mwenyewe ameomba nisiuawe, niandike barua ya kuomba msamaha. Itasomwa mbele ya watu. Elia akiikubali, nitavuka kama mtu mwingine yeyote. Bosi akasema, "Kambi zetu zote ziko ng'ambo ile. Wakikukubali, unarudi kazini. Wakikukataa, mimi sikujui."

Nilikuwa nimepanga chumba Kirumba, juu kwenye mawe, na Hamisi, kijana wa Kigoma aliyeuza mitumba. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha Hamisi, mkeka mmoja wangu, jiko la mchina lililonuka mafuta ya taa, na ukuta umebandikwa magazeti ambayo mimi nilikuwa nayatazama picha. Mchana ule mvua ilikuwa inapiga bati hadi tunaongea kwa kupaza sauti. Hamisi alikuwa na mwandiko mzuri, lakini barua ilitakiwa iwe ya mkono wangu, kwa hiyo yeye alitamka na mimi nikachora herufi moja moja, jasho linadondokea karatasi. Mama mwenye nyumba, Mama Rozi, mwimbaji wa kwaya, alikuwa mlangoni kwetu akichambua mchele kwa sababu chumba chake kilivuja. Tuliandika salamu nyingi zikufikie huko uliko. Tuliandika mimi ndiye niliyekukata. Tuliandika naomba unisamehe, sina cha kukurudishia vidole. Mpaka hapo yalikuwa yangu, ingawa mdomo ulikuwa wa Hamisi. Kisha tukafika mwisho, na hapo tukakwama, maana barua ya watu wale isingeweza kuisha hivihivi bila jina la Mungu.

Hamisi akasema, "Weka wabillahi taufiki tuone kama hawajakukata shingo." Mama Rozi akacheka, akatema chenga ya mchele. "Wewe Hamisi utamwua mwenzio. Masalu, mwanangu, wale ni walokole. Andika 'Wako katika Kristo.' Wakiona hiyo wanalainika wote." Nikamwambia, "Mama, mimi sijabatizwa. Kwetu tunamwagia pombe mababu." Hamisi akadakia, "Basi andika 'Wako katika mizimu,' wakutumie na jeneza kabisa." Tukacheka wote watatu, Mungu ananisikia, tulicheka kuhusu vidole vya mtu. Mama Rozi akajifuta macho kwa khanga, akasema, "Kwani barua inauliza cheti cha ubatizo? Hayo ni maneno ya kufungia tu. Kila mtu anayaandika. Hata wanaodanganya wake zao wanayaandika." Nikaona ni kweli. Mimi nilidhani mstari ule ni kama kamba ya kufungia gunia: kazi yake ni kufunga, hakuna anayeuliza imesokotwa na nani. Nikaandika. Kwa herufi kubwa kuliko zote. Nikaona barua imependeza.

Jibu lilikuja baada ya wiki, kwa mwandiko wa mwinjilisti wao. Lilisema barua imesomwa na Elia amelia, kwa sababu hawakujua kwamba aliyefanya jambo hili ni ndugu. Njoo Jumapili, ndugu yetu, usiogope mtu. Nilivuka kwa kivuko na shati jipya la Hamisi. Kanisani walinisimamisha mbele, mwinjilisti akaisoma barua yote tena, polepole, na alipofika "Wako katika Kristo, Masalu" wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakanikumbatia, hata wale sungusungu na mishale yao mgongoni. Elia alikuja akanipa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa vitambaa kama kichanga. Akasema, "Karibu nyumbani." Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimeshapona. Lakini kwa watu wale ndugu katika Kristo hasamehewi barabarani akaenda zake. Anapelekwa nyumbani, anapikiwa, anakaa mahali pa mtoto wa nyumba ile.

Mama yake alichinja jogoo. Tulikaa kwenye mkeka, mimi, Elia, mama, na kaka mkubwa Yakobo, mchungaji wa ng'ombe, mtu mkubwa kunizidi. Mama alinimwagia maji mikononi mwenyewe. Elia akaweka mkono wake wa kushoto kwenye sahani, na hakuna aliyetazama pembeni, ingawa kwetu mtu akila kwa kushoto mbele ya mama yake ni matusi. Halafu akaniinamia kwa upole, akasema, "Ndugu yangu, wewe ndiwe mgeni. Tuombee chakula." Wote wakafumba macho. Mimi nikabaki nimefumbua. Nilitazama mvuke ukitoka kwenye ugali. Sikujua hata neno la kuanzia. Mwishowe nikasema, "Mungu, tunakula." Yakobo akafumbua jicho moja. "Ulibatizwa wapi, bhabha?" Nikasema, "Mwanza." "Na nani?" "Na mchungaji." "Mchungaji gani?" Nikalitazama lile paja la jogoo kama lingenitajia jina. Elia akasema taratibu, "Masalu. Umebatizwa au hukubatizwa?" Nikasema, "Sijabatizwa." "Na yale maneno?" Nikasema, "Niliambiwa yanafungia barua."

Yakobo alisimama. Mama yao hakupiga kelele, alisema tu, "Mtoeni nje kwanza. Chakula kiko mkekani." Nikatolewa kwa shingo. Nje palikuwa na jua kali na ng'ombe wamefungwa, na Yakobo alichukua fimbo ya kuswagia, ya mti mgumu, yenye kirungu mwishoni. Pigo la kwanza lilinikata sikio. La pili liliondoa meno mawili ya mbele, haya niliyonayo ni ya daktari. Wakaja majirani, wengine ndio wale walionikumbatia saa moja iliyopita, wakanipiga kwa viatu vya kanisani. Nilikuwa na nguvu ya kumvunja Yakobo. Mkono haukunyanyuka, na sijui kwa nini, sitajisifia. Yakobo alikuwa akipiga na kulia. "Mkono tulikusamehe! Mkono tulikusamehe, mbwa wewe! Jina la Bwana umelifanya chambo!" Nilisikia mbavu zikikatika, moja, halafu mbili kwa pamoja, mlio kama kuni kavu. Elia alikuwa mlangoni ameshika mwimo kwa mkono wa kushoto. Sikuombi umwone malaika. Alitazama. Aliacha wapige hadi nilipotapika damu juu ya kwato za ng'ombe, ndipo akasema, "Basi. Akifa tutakuwa tumefanana." Walinifunga kwenye keria ya baiskeli kama gunia la mihogo, wakanisukuma hadi kwenye kivuko, na watu wa kivuko walidhani ni maiti.

Wiki tano nililala kwenye kitanda cha Hamisi, yeye akalala mkekani. Mama Rozi alininywesha uji kwa kijiko na hakuthubutu kunitazama machoni. Siku moja alisema, "Mimi ndiye niliyekupiga, mwanangu," nikamwambia aache upuuzi, kalamu ilikuwa mkononi mwangu kama panga lilivyokuwa mkononi mwangu. Ndipo ikaja bahasha. Ndani yake ilikuwa barua yangu mwenyewe, imerudishwa. Yote ilikuwepo, ila mwishoni, pale pa mstari wa kufungia, palikuwa pamekatwa kwa wembe, mstatili safi, ukiinua karatasi unaona mwanga. Chini yake kipande kidogo cha daftari, maandishi makubwa yanayoyumba, ya mtu anayejifunza upya kuandika kwa mkono wa kushoto. Kilisema: "Masalu. Vidole nilikusamehe kabla barua yako haijafika. Mstari huu sikukusamehe. Nimeukata. Andika mwingine ulio wako, uulete mwenyewe. Usipokuwa nao, usije." Nilisoma mara nyingi. Hamisi aliuliza, "Sasa utaandika nini?" Nikasema sijui. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba mimi mtu mzima sina hata mstari mmoja wa Mungu ambao ni wangu.

Nilipopona nilirudi majini, upande wa Magu, boti ya mtu mwingine, lakini kazi ileile, na nahodha yuleyule wa boti ya kwanza, naye amehamia huko. Kichwani nilikuwa najaribu mistari. "Mungu akubariki": mimi ni nani wa kumtuma Mungu? "Wako mtumishi wa Bwana": mtumishi gani, na makovu ya watu kumi? "Amani ya Mungu iwe nawe": mimi ndiye niliyeiondoa. Kila mstari niliouchukua ulikuwa shati la mtu. Halafu ikaja siku ya mvuvi mmoja, mzee wa makamo, aliyeahidi samaki wake kwetu akawapa wengine. Nahodha alimfunga kamba ya nyavu kwapani, akamtupa nyuma ya boti, akawasha mashine. Kamba nilishika mimi. Mtu yule alikuwa akiburutwa, anazama, anaibuka, mdomo wazi, anazama. Nahodha anasema, "Bado. Bado. Mwache anywe." Na mimi nikahisi kisogo kinawaka, kama mtu anapokaziwa macho. Nikageuka. Nyuma hapakuwa na kitu ila maji, na ufukweni korongo wawili wamesimama. Nikajua ninatazamwa. Sikuona nuru, sikusikia sauti, sikupenda hata kidogo. Niliogopa kama mtoto aliyekutwa. Nikavuta ile kamba hadi yule mtu akalala ndani ya boti anatapika maji. Nahodha akanijia na kasia. Nilimnyang'anya, nikampiga nalo usoni, nikasikia taya likivunjika, nikampiga tena wakati ameshaanguka, na hilo la pili halikuwa la Mungu, lilikuwa langu. Kazi ikaishia pale.

Nilifika Kirumba jua bado lipo, nikamkuta Hamisi anapasi suruali za mitumba. Nikamwambia, "Leo nilitazamwa." Akasema, "Na nani?" Nikasema, "Sijui. Na Mungu, labda." Hamisi akaweka pasi ya mkaa pembeni, akanitazama muda, akasema, "Basi si ndiyo hiyo? Andika hiyohiyo, unasubiri nini." Nikachukua karatasi, nikaandika mwenyewe bila kutamkiwa: "Ni mimi Masalu, na Mungu ananiona." Nilivuka Jumamosi, mchana, mkono mmoja nimeshika barua iliyokatwa na mwingine kipande changu chenye mstari mpya. Yakobo alikuwa uani anakamua ng'ombe. Aliniona, akaendelea kukamua. Elia alitoka, akasoma, akakaa kwenye kigoda. "Hii nani alikuambia?" "Hakuna." "Inakutisha?" Nikasema, "Inanitisha." Akasema, "Basi ni yako." Akamwita mama alete uji wa muhogo uliolala, akachovya dole gumba la kushoto, akapaka kingo za lile tundu kwa nyuma, akabandika kipande changu pale, akakikandamiza hadi kikashika. Kilikaa upande kidogo. Akaipuliza, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Mama akauliza kutoka jikoni, "Na leo atakula?" Yakobo akajibu bila kugeuka, "Atakula. Ila kuomba nitaomba mimi." Na huo ndio ulikuwa msamaha wangu, sikupata mwingine.

Miaka yote iliyofuata, barua na hata hizi meseji, nilimfungia Elia kwa mstari ule. Yeye aliyewaandikia watu wote "Wako katika Kristo" mimi hakuniandikia hata mara moja. Aliniandikia, kwa mkono wa kushoto ambao baadaye ulikuja kuwa mzuri kuliko wa mwinjilisti: "Anakuona, na mimi nakuona. Elia." Sijabatizwa hadi leo, anayekwenda misa hapa ni mke wangu. Kwa hiyo nilimwambia Neema abonyeze hivyo, "Ni mimi Masalu, na Mungu ananiona." Akasita. "Babu, hii inatisha. Watu watashtuka kaburini." Nikamwambia washtuke. Akatuma. Bibi yake akatuletea chai barazani, nami nikawa nawaza kwamba mtu pekee aliyejua kunijibu ndiye anayezikwa. Kabla chai haijapoa simu ikalia mkononi mwake, akaisoma kwanza kimoyomoyo, halafu kwa sauti. Ni binti wa Elia. Anasema amewasomea familia yale maneno, na baba mkubwa Yakobo, ambaye tangu Jumanne hajazungumza na mtu, ameomba arudiwe mstari wa mwisho, kisha akasema niandikiwe hivi: anakuona, na mimi nakuona, uje uzike. Neema akauliza ajibu nini. Nikamwambia asijibu kitu, anipigie pasi lile shati jeupe.